Ruhusa Isiyo Wajibu: Huduma za Michezo na Mapumziko za Halmashauri na Afya ya Wakazi nchini Uingereza, 1842–2013

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya karne moja na nusu, halmashauri za miji na wilaya nchini Uingereza zimejenga mabafu ya umma, mabwawa ya kuogelea, bustani, viwanja na kumbi za mazoezi kwa hoja kwamba huduma hizo huboresha afya na ustawi wa wakazi. Maudhui ya hoja hiyo yamebadilika kulingana na nyakati. Katika karne ya 19 ilihusu uchafu na magonjwa ya kuambukiza. Kati ya vita viwili vya dunia ilihusu kifua kikuu, jua na hewa safi. Kuanzia miaka ya 1990 imehusu unene, kisukari, shinikizo la damu na upweke wa wazee. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika katika England: sheria iliziruhusu halmashauri kutoa huduma hizo, lakini haikuzilazimisha.

Insha hii inajadili namna ruhusa hiyo isiyo wajibu ilivyounda historia ya huduma za michezo na mapumziko. Hoja yake ya msingi ni kwamba huduma hizo zilinufaisha afya ya wakazi maskini pale ambapo mambo mawili yalikutana: sheria au sera iliyolinda bei ya chini, na halmashauri iliyoshika kwa mkono mmoja afya ya umma na huduma zenyewe. Pale ambapo mambo hayo yalitengana, majengo yaliweza kubaki wazi, ila lengo la afya lilififia. Mjadala unajikita katika England, huku Uskoti na Wales zikitajwa kwa ajili ya ulinganisho.

2.0 Kipindupindu, Maji Moto na Sheria ya 1846

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Liverpool, mji wa bandari ambao familia nyingi za vibarua ziliishi katika vyumba vya chini ya ardhi na nyua zisizo na maji. Kitty Wilkinson, mwanamke mzaliwa wa Ayalandi, alikuwa na tangi la kuchemshia maji nyumbani kwake. Aliwaruhusu majirani kulitumia kufulia nguo na matandiko ya wagonjwa, na kuyasafisha kwa dawa ya klorini. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo uliletwa na hewa chafu. Hivyo basi, kilichofanyika katika nyumba hiyo kilikuwa sahihi kabla ya nadharia sahihi kupatikana.

Juhudi hizo ziliungwa mkono na watu wenye uwezo mjini humo, na mwaka 1842 halmashauri ya mji ikafungua katika mtaa wa Frederick jengo lililounganisha mabafu ya umma na nyumba ya kufulia. Mwaka 1846 Kitty na mumewe walikabidhiwa usimamizi wake. Huduma ya halmashauri, kwa maana hiyo, ilikuwa upanuzi wa ujirani: kilichofanywa na mwanamke mmoja kwa mtaa wake sasa kilifanywa na mji kwa fedha za umma.

Mwaka huohuo wa 1842 Edwin Chadwick alichapisha ripoti yake kuhusu hali ya usafi ya tabaka la wafanyakazi. Ripoti hiyo ilionesha kwamba wastani wa umri wa kufa katika Liverpool ulikuwa miaka 35 kwa watu wa tabaka la juu na familia zao, miaka 22 kwa wafanyabiashara, na miaka 15 kwa vibarua. Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hazimaanishi kwamba kibarua alikufa akiwa na miaka 15, bali kwamba vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi kiasi cha kuushusha wastani wa tabaka zima. Hata baada ya kuzingatia hilo, pengo baina ya matabaka ndani ya mji mmoja lilikuwa kubwa mno kuweza kufumbiwa macho.

Bunge lilipitisha Sheria ya Mabafu na Nyumba za Kufulia mwaka 1846. Sheria hiyo ilizipa miji na parokia ruhusa ya kukopa na kutumia kodi za mitaa kujenga mabafu. Haikuilazimisha mamlaka yoyote kujenga. Lakini ndani ya ruhusa hiyo mlikuwa na masharti magumu kwa aliyeamua kuitumia. Bei ya juu kabisa kwa daraja la chini iliwekwa na sheria yenyewe: peni 1 kwa kuoga maji baridi na peni 2 kwa maji moto. Aidha, idadi ya mabafu ya wafanyakazi haikupaswa kuwa chini ya mara mbili ya idadi ya mabafu ya daraja lolote la juu.

Umbile hili la sheria ndilo ufunguo wa historia inayofuata. Bunge la 1846 liliwaachia madiwani uamuzi wa kujenga au kutojenga, ila halikuwaachia uamuzi wa nani angenufaika. Mtu maskini hakuwa na haki ya kudai bafu. Palipokuwa na bafu, alikuwa na haki ya kulimudu. Marekebisho ya mwaka 1878 yaliongeza ruhusa ya kujenga mabwawa ya kuogelea yaliyoezekwa, na ya kuyafunga wakati wa baridi ili kumbi zake zitumike kwa mazoezi na shughuli nyingine. Kwa hatua hiyo, huduma iliyoanza kwa ajili ya usafi ilianza kuwa huduma ya michezo.

3.0 Bustani za Umma na Thamani ya Ardhi

Sambamba na maji, hoja ya hewa ilizaa bustani za umma. Kamati ya Bunge ya mwaka 1833 ilichunguza uhaba wa mahali pa kutembea kwa wakazi wa miji ya viwanda. Mwaka 1840 Joseph Strutt, mmiliki wa viwanda, aliukabidhi mji wa Derby bustani iliyobuniwa na John Claudius Loudon. Ilikuwa zawadi, na kiingilio kilitozwa kwa siku nyingi za wiki. Hatua kubwa zaidi ilipigwa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ambako makamishna wa mji walitumia mamlaka waliyopewa kisheria mwaka 1843 kununua ardhi kwa fedha za umma. Walinunua ekari 226. Ekari 125 kati ya hizo zikawa bustani iliyobuniwa na Joseph Paxton, na sehemu iliyobaki ikauzwa kwa wajenzi wa nyumba za kifahari ili kufidia gharama. Bustani ilifunguliwa mwaka 1847.

Mfano wa Birkenhead unaonesha kwamba afya ya umma haikuwa sababu pekee. Bustani ilipandisha thamani ya viwanja vilivyoizunguka, na thamani hiyo ndiyo iliyolipia nyasi ambazo mfanyakazi alikanyaga bila kiingilio. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875, katika kifungu cha 164, ilieneza ruhusa ya kununua na kutunza bustani kwa mamlaka zote za miji. Kwa mara nyingine neno lililotumika lilikuwa la ruhusa. Mji wenye madiwani wenye ari na walipa kodi wakarimu ulipata bustani; mji wa jirani, wenye moshi uleule, uliweza kukosa.

4.0 Daraja la Maji: Manchester, 1906

Kulinda bei hakukumaanisha usawa. Jambo hilo linaonekana wazi katika Victoria Baths, jengo lililofunguliwa na Halmashauri ya Jiji la Manchester mwaka 1906. Lilijengwa kwa vigae na vioo vya rangi, likiwa na mabwawa matatu: la wanaume wa daraja la kwanza, la wanaume wa daraja la pili, na la wanawake. Kila moja lilikuwa na mlango wake. Maji yalichotwa kwenye kisima cha jengo na kuingizwa kwanza katika bwawa la wanaume wa daraja la kwanza. Yakishatumika humo, yalipelekwa kwa wanaume wa daraja la pili, na mwishowe kwa wanawake.

Mpangilio huo ulikuwa na mantiki ya gharama, kwa kuwa mitambo ya kuchuja maji ilikuwa bado haijaenea katika mabwawa ya umma. Lakini pia ulikuwa ramani ya jamii iliyochorwa kwa maji. Huduma iliyohalalishwa kwa hoja ya usafi iliwapa wanawake, ambao ndio waliobeba mzigo wa usafi wa familia, maji yaliyokwisha kutumiwa mara mbili. Hata hivyo, itakuwa kosa kuuona upande huo peke yake. Kwa familia nyingi zilizoishi katika nyumba zisizo na bafu, jengo hilo lilikuwa mahali pa kuoga maji moto, kufua, kujifunza kuogelea na kukutana na wenzao. Ustawi, kwa maana pana ya neno hilo, ulipatikana humo hata pale ambapo usawa haukupatikana.

5.0 Bermondsey: Halmashauri kama Mganga

Kielelezo cha juu kabisa cha muungano wa afya na mapumziko kilipatikana katika mtaa wa Bermondsey, kusini mwa London, kando ya mto Thames. Ulikuwa mtaa wa gati, viwanda vya ngozi na nyumba zilizosongamana. Daktari Alfred Salter na mkewe Ada waliamua kuishi humo miongoni mwa wagonjwa wao. Binti yao wa pekee alifariki mwaka 1910 kwa homa ya vipele vyekundu, ugonjwa uliowaua watoto wa majirani zao pia. Mwaka 1922 chama cha Labour kilishika halmashauri ya mtaa, na Ada Salter akawa meya.

Halmashauri hiyo haikutenganisha hospitali, bafu na bustani. Kamati ya kupendezesha mtaa ilipanda maelfu ya miti na kugeuza viwanja vilivyotelekezwa kuwa bustani na mahali pa watoto kuchezea. Mwaka 1926 ilifunguliwa kliniki ya tiba ya mwanga kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 1927 mabafu mapya katika barabara ya Grange. Idara ya afya ilitengeneza filamu zake yenyewe kuhusu usafi, lishe na magonjwa, na kuzionesha barabarani jioni kutoka kwenye gari maalumu. Madiwani walewale waliojadili vifo vya watoto walijadili pia bei ya tiketi ya bwawa. Kwao, msemo kwamba kinga ni bora kuliko tiba ulikuwa kanuni ya bajeti.

Bermondsey haikuwa peke yake. Halmashauri ya Kaunti ya London, iliyoongozwa na Herbert Morrison kuanzia mwaka 1934, ilijenga mabwawa makubwa ya wazi, likiwemo la Victoria Park mwaka 1936 na la Parliament Hill mwaka 1938. Mtaa wa Finsbury ulifungua kituo chake cha afya mwaka 1938. Serikali kuu nayo ilipitisha Sheria ya Mazoezi ya Mwili na Burudani mwaka 1937, iliyopanua ruhusa ya halmashauri kujenga kumbi za mazoezi, viwanja na mabwawa. Wasiwasi kuhusu nguvu za kijeshi za Ujerumani ulichangia hatua hiyo. Afya ya raia ilitazamwa pia kama akiba ya taifa.

6.0 Tarehe 1 Aprili 1974

Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, hospitali za halmashauri zilihamishiwa serikali kuu. Hata hivyo, maafisa waganga wa afya ya umma waliendelea kuwa watumishi wa halmashauri. Uhusiano kati yao na mabafu, bustani na viwanja ulidhoofika, lakini haukukatika. Ulikatika tarehe 1 Aprili 1974.

Siku hiyo sheria mbili zilianza kutumika kwa pamoja. Ya kwanza ilipanga upya Huduma ya Taifa ya Afya, ikafuta cheo cha afisa mganga wa halmashauri na kuhamishia kazi zake za kitabibu katika mamlaka za afya. Ya pili ilipanga upya serikali za mitaa za England na Wales, ikaunda halmashauri mpya kubwa zaidi. Halmashauri hizo ziliunganisha kamati za zamani za mabafu, bustani na viwanja kuwa idara mpya za burudani na mapumziko. Kwa hiyo huduma hizo zilipata idara yenye hadhi na bajeti siku ileile zilipompoteza mganga aliyekuwa akizipa sababu ya kuwepo.

Matokeo ya awali yalikuwa ya neema. Miaka ya 1970 ilishuhudia ujenzi mkubwa wa vituo vya michezo vya ndani, ukichochewa na Baraza la Michezo na kampeni yake ya michezo kwa wote. Waraka wa serikali wa mwaka 1975 uliitambua burudani kuwa sehemu ya huduma za jamii. Lakini lugha ya idara hizo mpya ilikuwa ya ushiriki na idadi ya watumiaji, si ya maradhi na vifo. Kifungu cha 19 cha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1976 kiliithibitisha hali hiyo: halmashauri iliruhusiwa kutoa huduma za burudani kwa kadiri itakavyoona inafaa, na kutoza au kutotoza. Ulinzi wa bei uliowekwa na Bunge la 1846 haukuwa na mrithi.

7.0 Zabuni, Akiba na Kufungwa kwa Milango

Udhaifu wa ruhusa isiyo wajibu ulidhihirika fedha zilipopungua. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1988 ilizilazimisha halmashauri kuitisha zabuni kwa huduma kadhaa, na mwaka uliofuata usimamizi wa vituo vya michezo uliongezwa katika orodha hiyo. Halmashauri zilibaki na uwezo wa kupanga bei na ratiba kupitia mikataba, na baadhi ziliutumia vyema kwa kutoa punguzo kwa wasio na ajira na wazee. Lakini kipimo kikuu cha mafanikio kikawa kiasi cha ruzuku kilichookolewa. Hapa pana kinyume cha kustaajabisha: sheria ya 1846 haikulazimisha kujenga ila ililazimisha bei nafuu, sheria ya 1988 haikulazimisha bei nafuu ila ililazimisha zabuni.

Mwaka 1993 una mifano miwili inayoelekea pande tofauti. Katika mtaa wa Greenwich, London, upungufu wa bajeti uliwafanya wafanyakazi wa vituo vya halmashauri kuunda chama chao cha kijamii, Greenwich Leisure Limited, kilichochukua usimamizi wa vituo hivyo na baadaye kuenea katika halmashauri nyingine. Manchester, mwaka huohuo, halmashauri iliifunga Victoria Baths kwa sababu ya gharama za uendeshaji na ukarabati. Wakazi walipinga, kisha wakaunda kikundi cha kulihifadhi jengo. Hawakuwa na kifungu cha sheria cha kushikilia. Mkazi aliyefungiwa maktaba angeweza kuutaja wajibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1964. Mkazi aliyefungiwa bwawa alibaki na ombi tu.

Katika miaka hiyohiyo, hoja ya afya ilirejea kupitia mlango mwingine. Mipango ya rufaa ya mazoezi ilienea, ambapo daktari alimwelekeza mgonjwa kwenye kituo cha michezo badala ya, au pamoja na, duka la dawa. Wales ilianzisha kuogelea bila malipo kwa watoto na wazee mwanzoni mwa miaka ya 2000. England ilifuata Aprili 2009 kwa wenye umri wa miaka 16 na kushuka na wale wa miaka 60 na kuendelea, lakini serikali mpya ilikomesha mpango huo mwishoni mwa Julai 2010, ikidai kwamba wengi wa walionufaika wangeogelea hata kwa kulipa. Birmingham ilianzisha mwaka 2008 mpango wa Be Active, uliofungua vituo vya halmashauri bila malipo kwa saa maalumu kwa ushirikiano na mamlaka za afya. Mpango huo ulifufua kwa muda muungano wa Bermondsey: fedha za afya zililipia tiketi ya bwawa.

8.0 Kurejea kwa Afya ya Umma, 2013

Tarehe 1 Aprili 2013, miaka 39 kamili baada ya utengano, afya ya umma ilirudishwa katika halmashauri za England chini ya Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya mwaka 2012. Halmashauri zilipewa wajibu wa kuchukua hatua za kuboresha afya ya wakazi wake, mkurugenzi wa afya ya umma, na ruzuku maalumu. Kwa mtazamo wa juujuu, historia ilikuwa imekamilisha mzunguko wake.

Uchunguzi wa karibu unaonesha kasoro mbili. Kwanza, katika maeneo yenye ngazi mbili za serikali za mitaa, wajibu wa afya uliwekwa katika halmashauri za kaunti, ilhali mabwawa na vituo vya michezo vinamilikiwa na halmashauri za wilaya. Aliyepewa wajibu hana bwawa. Mwenye bwawa hana wajibu. Pili, lengo lilifanywa kuwa la lazima huku nyenzo zikibaki za hiari, na hilo lilitokea wakati ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri ilikuwa ikipunguzwa. Panapokuwa na uhaba, huduma ya lazima hulipiwa kwanza. Matunzo ya wazee na ulinzi wa watoto ni wajibu wa kisheria. Bwawa la kuogelea si wajibu.

Uskoti inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Sheria ya mwaka 1982 inazitaka halmashauri za huko kuhakikisha kuna huduma za kutosha za michezo, burudani na utamaduni. Hata hivyo, neno "za kutosha" halikuzuia kupunguzwa kwa saa wala kufungwa kwa vituo. Wajibu bila fedha unampa mkazi hoja ya kusimamia, lakini haumpi maji ya kuogelea.

9.0 Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba mabafu na bustani ndivyo vilivyoshusha vifo katika miji ya Uingereza. Maji safi ya bomba, mifereji ya majitaka, chakula bora, makazi na chanjo vilifanya kazi pamoja navyo, na haiwezekani kutenga mchango wa kila kimoja. Kinachothibitika ni kwamba manufaa ya huduma za michezo na mapumziko kwa afya hayatokani na jengo peke yake. Hutokana na nani anaweza kuingia, kwa bei gani, na nani ndani ya halmashauri anawajibika iwapo hawezi.

Bunge la 1846 lilijibu maswali mawili ya kwanza kwa kuweka peni 1 na peni 2 ndani ya sheria. Bermondsey ilijibu la tatu kwa kuweka daktari, bafu na bustani mbele ya madiwani walewale. Mwaka 1974 jibu la tatu lilipotea, na baada ya hapo majibu ya mawili ya kwanza yakaachwa kwa bajeti ya kila mwaka. Marejeo ya 2013 yaliwapa madiwani wajibu juu ya afya ya wakazi bila kuwapa wakazi haki yoyote juu ya mlango wa bwawa. Kitty Wilkinson hakuwa na wajibu wowote wa kisheria alipowafungulia majirani zake mwaka 1832. Kwa upande wa bwawa la kuogelea, halmashauri ya England ya leo iko katika hali hiyohiyo: mlango ukifunguliwa ni kwa hiari ya mwenye nyumba.